Nyota tano za laptopu nyepesi: nani alizitoa, na lini?



Wiki hii nimepata meseji kama sita zinazofanana. Mtu ananitumia picha ya laptopu, nyembamba, inang'aa, afu chini anaandika: "Dada, hii nimeisoma mtandaoni ina nyota nne na nusu, watu wanaisifia sana, nichukue?" Mmoja kaniandikia saa tano usiku, ameshaongea na muuzaji, anatakiwa atume hela ya kushikia mzigo kabla hakujakucha. Nikamwambia asitume. Hakufurahi. Ndiyo maana naandika hapa, angalau wengine mpate jibu refu kuliko nililompa yeye.

Msimamo wangu nausema mapema. Maoni ya wanunuzi ni kitu kizuri, mimi nayasoma karibu kila siku, ila nyota zenyewe achana nazo. Angalia nani kaandika, kaandika lini, na mashine aliyokuwa nayo ilikuwa na nini ndani. Ukikosa hivyo vitatu unanunua furaha ya mtu mwingine kwa hela yako.

Na sisi wauzaji wa mtandaoni tulipaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Hebu niambie, kwenye ukurasa wako ile sehemu ya maoni ya wateja umeweka nini? Mimi nina picha thelathini na kitu za mazungumzo ya WhatsApp. "Dada mzigo nimepata, mzuri kama kwenye picha." "Ubarikiwe, mtoto kapendeza." Zote za kweli, sijatunga hata moja. Ila yule mama aliyeniandikia kwamba gauni la mtoto limechuja rangi siku ya pili, pale hayupo. Nilimrudishia hela yake, nikamwomba radhi, yakaisha kimya kimya. Na wale wote waliosema "mzuri" waliandika dakika kumi baada ya kufungua mfuko. Hakuna aliyerudi baada ya kufua mara tano kuniambia nguo imefikia wapi.

Sasa muuza laptopu ana tofauti gani na mimi?

Niwaambie yaliyonikuta, maana sikuyajua haya kwa kusoma kitabu. Nina duka la nguo za watoto hapa Morogoro, mlango mmoja tu, na wateja wengi wananipata Instagram na WhatsApp. Mpaka mwaka 2023 nilikuwa nafanya kila kitu kwa simu. Oda kwenye simu, hesabu kwenye simu, picha kwenye simu, afu simu ikizima biashara nayo imezima. Novemba ya mwaka huo nikachukua mkopo kikoba, nikatafuta laptopu nyepesi, kwa sababu naenda Dar kuchukua mzigo mara mbili kwa mwezi na sikutaka kubeba tofali mgongoni juu ya mabegi ya nguo.

Nikaipata moja ya inchi 13, laki tano na themanini. Kampuni siitaji, maana kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mashine. Kabla ya kulipa nikasoma maoni usiku mzima. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, sehemu nisizoelewa naziweka kwenye programu ya kutafsiri, na nilijiona nimefanya utafiti kweli kweli. Mmoja alisema ni nyepesi mpaka anasahau kwamba iko kwenye begi. Mwingine alisafiri na ndege kutoka mji mmoja wa Marekani kwenda mwingine, kafanya kazi njia nzima, kashuka betri bado ipo nusu. Wa tatu alisifia vitufe vya kuandikia kama anasifia pilau. Nyota tano, nyota tano, nyota nne, nyota tano. Nikalala na amani.

Ikaja, na kweli ilikuwa nyepesi. Niliibeba kwa vidole viwili kama daftari, nikampelekea mama aione.

Mnakumbuka kipindi kile kilikuwa cha mgao wa umeme. Ikaingia Desemba, wiki ya kuelekea Krismasi, na ukiuza nguo za watoto unajua wiki hiyo ikoje. Oda zote nilikuwa nimeziandika kwenye Excel ndani ya ile mashine: jina, saizi, rangi, basi la kupeleka mzigo. Umeme ukakatika saa nne asubuhi. Betri iliyomtosha yule bwana kwenye ndege, kwangu ilikaa dakika thelathini na tano. Sikuwa nimenakili chochote kwenye simu. Basi la Dodoma linaondoka, la Iringa linaondoka, nikafunga mizigo kwa kukumbuka kichwani. Mizigo kumi na moja ilienda na saizi ya kubahatisha au rangi siyo. Nauli ya kuirudisha nililipa mimi. Mama mmoja wa Dodoma alikuwa kaagiza magauni matatu yanayofanana ya mabinti zake kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, yakamfikia mawili ya saizi moja. Hakunitukana. Aliandika "sawa dada", na mpaka leo hajanunua tena kwangu.

Mbali na betri, mashine ilikuwa nzito kufanya kazi. Nikifungua WhatsApp, Excel na kurasa mbili tatu za intaneti, inaganda. Ilikuwa na RAM ya GB 4. Nikaenda kwa fundi aniongezee. Akafungua, akaigeuza, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: "Mdogo wangu, hii imechomelewa kwenye bodi. Hapa hakuna pa kuchomeka nyingine."

Usiku huo nikarudi kwenye yale maoni. Kumbe yalikuwepo! Kuna mtu alitoa nyota tatu, akasema yote mawili: kwamba RAM imechomelewa huwezi kuongeza, na kwamba baada ya mwaka na nusu betri yake imebaki nusu. Nilimpita kwa sababu ya nyota zake tatu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunikubalia, na yeye hakuwa ananikubalia.

Mashine niliiuza laki tatu na kumi. Deni la kikoba nilimaliza Mei.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Laptopu nyepesi za biashara tunazonunua hapa, zile ThinkPad, EliteBook na Latitude, nyingi zinakuja zikiwa zimeshatumika. Kampuni huko nje inanunua mashine nyingi kwa mpigo, wafanyakazi wanazitumia miaka mitatu minne, zinabadilishwa zote, zinauzwa kwa jumla, afu safari ya Dubai au Uingereza mpaka Kariakoo. Siyo kitu kibaya, mashine za ofisi zimetengenezwa imara na mimi mpaka leo natumia ya namna hiyo. Ila fikiria aliyeandika maoni mwaka 2018. Kaishika ikiwa mpya, imetoka kwenye boksi. Mara nyingi hata hakuilipia yeye, kalipa mwajiri. Ikimsumbua anaita mtu wa kompyuta wa kampuni. Umeme kwao haukatiki. Anasema betri inamtosha siku nzima na hasemi uongo. Wewe unayeishika leo unashika mashine ile ile baada ya kuchajiwa mamia ya mara.

Kwa hiyo mimi nikisoma nayagawa maoni kwenye mafungu mawili. Kuna mambo yasiyozeeka na kuna yanayozeeka. Uzito hauzeeki. Mpangilio wa vitufe hauzeeki, idadi ya matundu haizeeki, RAM iliyochomelewa itabaki imechomelewa. Hapo mtu wa 2018 anaweza kunishauri vizuri kabisa na namsikiliza. Betri, bawaba za kioo, mwanga wa kioo, feni, vitufe vyenyewe kulegea, hivyo vinazeeka, na hapo maoni ya mashine mpya hayanisaidii kitu. Hapo namtafuta aliyeandika baada ya mwaka, miwili, mitatu. Wapo wachache ila wapo. Unaandika jina la mashine na kwa Kiingereza unaongeza maneno ya "baada ya miaka miwili", wanakuja. Mtu mmoja wa namna hiyo nampa uzito kuliko ishirini wa wiki ya kwanza.

Kitu kinachowaumiza wengi ni jina. Watu wanadhani jina moja ni mashine moja. Chukua ThinkPad za mwaka 2018. T480 ina nafasi mbili za RAM, na betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa kwa nje. Ongeza herufi moja iwe T480s, imekuwa nyembamba na nyepesi zaidi, lakini sehemu ya RAM imechomelewa na nafasi ya kuongeza ni moja tu, na betri ya kuchomoa haipo. Nenda X280, ndogo zaidi, ya kilo moja na kidogo, RAM yote imechomelewa. Waliokuwa na X270 kabla yake walilalamika, maana ile ilikuwa na nafasi ya RAM na betri ya kuchomoa. Sasa mtu anasoma sifa za T480, anakuta X280 bei imeshuka, anasema si ThinkPad ile ile tu. Siyo ile ile.

Hata modeli ikiwa moja, ndani zinatofautiana. Kampuni zilizoagiza zilikuwa zinachagua: kioo cha bei nafuu au kizuri, RAM 8 au 16, betri ndogo au kubwa. Ule uzito unaotangazwa ni wa ile nyepesi kuliko zote kwenye kundi hilo, na chaja haimo. Nilipima ya kwangu kwenye mizani ya jirani anayeuza maharage: mashine kilo 1.4, chaja na waya wake gramu 350. Hiyo chaja hakuna anayeitaja kwenye maoni, labda kwa sababu wenzetu wana moja nyumbani na nyingine ofisini.

Kuhusu kioo niseme kidogo zaidi, kwa sababu sisi tunauza kwa picha. Baadhi ya EliteBook zina kioo cha HP kinaitwa Sure View. Kazi yake ni kuzuia mtu aliyekaa pembeni yako asione unachofanya. Mtu wa benki anakipenda, anatoa nyota tano. Wengine waliandika kwamba hata ukizima hiyo kazi, ukiinamisha kichwa kidogo rangi zinabadilika. Wewe unauza vitenge, unauza lipsi, unauza viatu vya rangi ya maziwa ambavyo siyo vyeupe. Rangi unayoiona wewe siyo anayoiona mteja, na ugomvi unaanza mzigo ukifika. Nyota tano za mtu wa benki kwako wewe ni nyota mbili. Ni mfano mmoja tu, ila ndivyo ninavyotaka msome: unachukua sifa, unauliza, huyu alikuwa anafanya kazi gani?

Na lawama nazo unazigeuza hivyo hivyo. Kuna lawama ambazo mimi nikizikuta nafurahi. "Ni nene kwa nyuma kwa sababu ya betri inayotoka nje." Sawa, ina maana naweza kununua betri nyingine nikabadilisha bila kwenda kwa fundi. "Muundo wa kizamani." Mteja wangu haoni laptopu yangu, anaona gauni. "Kamera mbovu." Picha napiga na simu. "Kingo za kioo ni nene." Nani kauliza? Mashine ikipunguziwa nyota kwa sababu hizo, bei nayo inashuka, na hapo ndipo pa kwangu. Lakini mtu akiandika bawaba imelegea baada ya mwaka, au tundu la chaja linacheza, hapo nasimama nasoma mpaka mwisho, na nikikuta watu watatu wasiojuana wanasema kitu hicho hicho, nafunga ukurasa.

MacBook Air ya M1, ile iliyotoka mwishoni mwa 2020, wengi mnaiulizia pia. Maoni yake ni matamu na mengi ni ya haki: haina feni, iko kimya, uzito kama kilo 1.3, na betri yake ikiwa nzima inakaa kweli. Ila soma wanaolalamika. Ina matundu mawili tu, yote ya aina ile ndogo ya USB-C. Flashi yako ya kawaida haiingii, waya wa printa ya risiti hauingii mpaka ununue kiunganishi. RAM ukinunua 8 umekwisha, ni 8 milele. Kama una kila kitu kwenye simu na intaneti, chukua. Kama una printa na flashi na ndoto ya kuongeza baadaye, fikiria mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo nyota za zamani haziwezi kukwambia kabisa, kwa sababu halikuwepo zilipoandikwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza muda wa Windows 10. Mashine haizimiki, itawaka kama kawaida, lakini masasisho ya usalama ya bure ya kawaida yameisha, na mpango wao wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida unaishia Oktoba 2026. Windows 11 kwa masharti yao inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache sana za nyuma. Sasa zipo laptopu nzuri mno za kizazi cha sita na cha saba, nyepesi, zina mamia ya nyota tano, na hivi sasa ndizo zinazomwagwa sokoni kwa bei ya kukutamanisha. Unajiuliza mbona rahisi hivi? Ndiyo sababu. Angalia namba ya prosesa: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7300U cha saba, i5-8350U cha nane. Kwenye namba kama hizo, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo unayoitaka. Muuzaji atakwambia "hii nimeshaiweka Windows 11, cheki mwenyewe". Inawezekana, kuna njia za kulazimisha, ila Microsoft hawakuhakikishii kwamba masasisho yataendelea kuja. Na wewe humo ndani ndimo unamoweka namba za simu za wateja na akaunti zako zote.

Najua kuna wenzangu watasema, achana na maoni, nenda dukani uijaribu kwa mkono wako. Kaka mmoja muuzaji Kariakoo aliwahi kunicheka kabisa: "Dada angu, unasoma maneno ya wazungu, mashine si hii hapa?" Ana haki nusu. Ila dukani unakaa robo saa, umesimama, nyuma kuna foleni, na yeye anaongea muda wote. Kuna mambo robo saa haiyaonyeshi. Lenovo wenyewe waliwahi kutangaza kwamba baadhi ya ThinkPad za 2017 mpaka 2019 zina tatizo kwenye lile tundu dogo la USB-C la Thunderbolt, kwamba usipoweka sasisho lake linaweza kuacha kufanya kazi, na kwa baadhi ya mashine hilo ndilo tundu la kuchajia. Dukani litachaji vizuri tu. Nililijua kwa kusoma malalamiko ya wanunuzi, nikafuatilia, nikakuta sasisho lipo na ni la bure. Ndiyo maana sikubali kuyaacha maoni. Nayasoma kabla ili nijue dukani niguse wapi.

Na ukifika dukani, betri usikubali neno la mtu. "Inakaa masaa manne, dada." Kila laptopu Tanzania inakaa masaa manne, sijui kwa nini wote wamechagua nne. Fungua sehemu ya kutafuta, andika cmd, ikifunguka andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuandikia jina la faili na mahali ilipoliweka, lifungue. Kuna mstari umeandikwa DESIGN CAPACITY, huo ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani. Chini yake FULL CHARGE CAPACITY, huo ni ujazo wake wa leo. Ukikuta 57,000 kiwandani na 28,000 leo, umebaki na nusu, na yale maoni ya masaa kumi yagawe kwa mbili kabla ya kitu kingine chochote. Muuzaji akikataa usifungue hiyo, asante kaka, naendelea kuzunguka.

Kwa RAM bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, halafu Memory. Pale pameandikwa nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ukiona Form factor imeandikwa SODIMM, ni ya kuchomeka. Ukiona Row of chips, imechomelewa, na ulichonacho ndicho utakachozeeka nacho.

Vitufe navyo tazama vizuri. Zikitokea Ufaransa, A iko mahali pa Q. Zikitokea Ujerumani, Y na Z zimebadilishana. Wanabandika stika juu, baada ya miezi mitatu stika inatoka na wewe unabaki unabahatisha nywila yako.

Halafu kuna hili la kufungwa. Mashine ya kampuni inaweza kuwa bado imesajiliwa kwa kampuni ile. Imewekwa Windows bila intaneti, inafanya kazi safi, siku ukiifuta ukaanza upya ukiwa na intaneti inakuomba akaunti ya ofisi usiyoijua. Kwenye maoni hutalikuta, maana aliyeandika alikuwa na akaunti. Mwambie muuzaji aianzishe upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Inachukua muda, ndiyo. Kaa hapo, agiza maji.

Swali la mwisho, na hili naliuliza kila anayeniandikia: unaibeba kwenda wapi? Wengi wakijibu ukweli, mashine itakaa juu ya kaunta kutoka Jumatatu hadi Jumapili. Sasa wepesi wa nini? Wepesi unalipiwa. Unaulipia kwa RAM iliyochomelewa, kwa betri ndogo, kwa matundu machache. Kwa hela hiyo hiyo unapata mashine ya kilo mbili, yenye kioo kikubwa na nafasi ya kuongeza kila kitu, na kaunta haitalalamika. Mimi nabeba kweli. Siku hizi napanda treni ya umeme kwenda Dar asubuhi, jioni nimerudi, begi la nguo mkono huu, begi la nguo mkono ule, mashine mgongoni. Kwangu nusu kilo naisikia begani.

Mwenzetu mmoja kaniuliza, basi wewe dada tuambie unatumia ipi na sisi tununue hiyo hiyo. Jina sitaji. Ukinunua ya jina hilo hilo haitakuwa hii yangu, na mwakani utanitafuta. Ila maoni yangu nayaandika hapa kama ningependa wengine wawe wanaandika:

Mimi ni muuza nguo za watoto, natumia WhatsApp ya kompyuta, Excel, kupunguza picha na kuchapa lebo za mizigo. Siyo mtu wa michezo wala video. Nilinunua Agosti 2024, imeshatumika, kioo cha inchi 14, Intel kizazi cha nane, laki sita na nusu. Ilikuja na RAM ya 8 na nafasi moja wazi, nikaongeza 8 nyingine. Betri siku ya kununua ilisoma 44,000 kati ya 60,000, na umeme ukikatika napata kama masaa matatu, mwanga nikipunguza. Juu ya kitufe cha nafasi pamesuguka mpaka panang'aa, aliyekuwa nayo aliandika sana. Spika ya kushoto iko chini kuliko ya kulia, ilikuwa hivyo tangu dukani na nikapunguziwa elfu ishirini. Kioo mchana mlangoni kwa duka hakionekani vizuri, inabidi niingie ndani. Oda zote sasa nazinakili na kwenye simu kila saa sita mchana, hiyo mashine hainihusu, ni mimi tu nilishajifunza. Nyota tatu na nusu. Nimeridhika nayo.